Utepe wa Mashine ya Maji

Jumatatu, 5 Mei
Joto nyuzi 44. Mji wetu wa Rajkot unaungua. Tajiri wetu wa kiwanda cha pampu, Sheth Vrajlal, ameniita. Keshokutwa anakuja mtafiti wa chuo kikuu, Daktari Urvi, kupima kama wema wetu kwa jamii unakisaidia kiwanda kwa lolote. Sheria inataka asilimia mbili ya faida iende kwa jamii, kasema Sheth, lakini haitaki mimi niwe na ofisi. Utafiti ukionyesha sina tija, ofisi yangu ya huduma kwa jamii inakuwa stoo ya mabomba. Baada ya miaka tisa ya kupanda miti! (Shimo ni lile lile kila mwaka, ila picha ni mpya.)
Sina wasiwasi. Nina mashine ya maji baridi getini, yenye bamba la marumaru na jina langu.

Jumanne, 6 Mei
Tatizo dogo. Mashine haijawahi kutoa maji. Imefungwa utepe tangu Februari, inamngoja mheshimiwa aje aukate na kuvunja nazi ya baraka. Ameahirisha mara nne; juzi eti nyota hazikukaa vizuri. Kuiwasha kabla ya hapo ni nuksi.
Tatizo kubwa ni Jiviben, mfagiaji wetu. Kila kiangazi huweka mitungi mitatu ya udongo pale getini, wapita njia wanywe. Inaniharibia picha. Nilimwomba kwa heshima aiondoe. Akaniuliza, "Sasa Hasmukhbhai, watu wanywe utepe?"
Nimeihamishia nyuma ya vyoo mwenyewe. Mgongo wauma.

Jumatano, 7 Mei
Daktari kaja na hojaji. Mafundi saba niliowafundisha majibu wote wamejibu "mchango endelevu", hata aliyeulizwa umri wake.
Kisha akaomba maji. Nikamwonyesha mashine. Akautazama utepe. Nikamweleza habari za mheshimiwa, kwa kirefu. Akaondoka katikati ya maelezo, akafuata msururu wa watu wenye vikombe waliokuwa wakienda nyuma ya vyoo. Amekaa huko na Jiviben saa tatu nzima. Nimekwisha.

Ijumaa, 9 Mei
Ripoti imetoka. Nimeisoma nimesimama. Miti: haina athari. Mashine: haina athari. Mitungi: mafundi ishirini na wawili wamekataa kuhamia kiwanda cha jirani, kinacholipa zaidi. Mmoja kasema kiwanda kinachompa maji mama yake akitoka sokoni hakiachwi hivi hivi.
Sheth akauliza wazo la mitungi ni la nani. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Ukweli ukanitoka kabla sijauzuia: la Jiviben. Akasema ofisi ibaki, mitungi iongezwe, na Jiviben awe msimamizi wa mitungi hiyo. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Hata mwarobaini wangu wa mwaka huu umechipua. Kumbe Jiviben huumwagia maji anayooshea mitungi.

Jumatatu, 12 Mei
Mitungi mipya kumi na miwili imefika. Jiviben akataka kuijaza papo hapo. Nikamzuia, ana haraka, masikini, hajui kazi hizi. Nimeifunga yote utepe mwekundu, mmoja mmoja, na bamba nimeshaagiza. Mheshimiwa amekubali kuja Agosti, mvua zikiruhusu.
Jiviben ameniomba mkasi. Nimempa. Sijui anautakia nini.