Manjano ya Merle Yatoke Sufuriani

Jumatatu, 3 Februari

Kamati ya mtaa imepotewa na akili! Ijumaa ni Sikukuu ya Uhuru, na eti sufuria ya oil-down, chakula chetu cha Grenada, hapa Gouyave ataipanga Merle Bhola. Merle! Aliipanga mama yangu, nikaipanga mimi. Nyama ya chumvi chini, mashelisheli, madonge ya unga wa ngano, majani ya magimbi yafunike, tui juu, na mwiko usiguse mpaka tui likauke yabaki mafuta. Mababu wa Merle walikuja na meli ya Wahindi juzi tu. Nimekunywa chai bila sukari kwa hasira.

Jumanne, 4 Februari

Dawa yake nimeipata. Manjano! Yalikuja na Wahindi, na Merle huyamwaga mpaka sufuria inang'aa. Nimemwendea Cuthbert, mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia chakula cha Uhuru kiwe chetu, kilicholetwa kutoka nje kisiingie. Akauliza, kwani Bi Ionie wewe hutumii manjano? Natumia, lakini yangu nimeyapanda nyuma ya choo! Akakuna kichwa, akakubali. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 5 Februari

Sielewi. Merle kaja kwenye mkutano wa kamati anatabasamu, ananiita mamangu. Akasema sheria nzuri sana, ila tuifuate yote. Akauliza shelisheli limetoka wapi. Nikasema mtini kwangu. Watu wakaangua kicheko. Cuthbert akasema Waingereza walilileta kwa meli, liwe chakula cha watumwa. Haya, litoke! Nyama ya chumvi? Ya meli. Ngano? Haioti hapa. Minazi nayo, wakadai, imeletwa! Nikasimama kutetea magimbi: hayo walikuja nayo bibi zetu kutoka Afrika. Merle akapiga makofi. "Umesema mwenyewe mamangu, walikuja nayo!" Wamenivuruga kichwa. Mwisho Cuthbert akaamua: mwenye sheria apike kwa sheria, Merle apikie uani kwake. Kwa hiyo nimeshinda. Nadhani.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepanga. Muhogo chini, pilipili juu. Muhogo tena, pilipili tena. Maji. Ndivyo walivyosema vilikuwepo kabla ya meli zote. Watu wakaja na bakuli, wakachungulia, wakanipa hongera, wakaondoka. Mzee Alban, ninayekaa naye benchi moja kanisani, akasema tumbo linamkata. Baadaye namwona kwa Merle analamba vidole! Nikaenda kumsuta. Merle akaniwekea kiti mbele ya watu wote, akasema keti mamangu, hapa sufuria haiulizi pasipoti. Nikala ili nimtoe kasoro. Nikamwambia majani yameiva kupita kiasi. Nikaongezwa. Manjano mpaka kwenye kucha, na ladha ni ileile ya mama yangu. Imewezekanaje? Akaniomba mwakani tupange pamoja, eti mkono wangu ndio unajua kulaza majani. Nikamwambia sishiki mwiko wa pili kwa mtu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimesikia kamati inatafuta mkaangaji wa sikukuu ya wavuvi mwezi wa sita, na Merle kajiandikisha. Nimeshamwendea Cuthbert. Nimemwambia wakaangwe samaki wa Grenada tu, aliyeogelea kutoka Trinidad arudishwe. Akauliza tutawajuaje. Nikamwambia aniletee mimi, nitawatazama machoni. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani amekubali.