Jogoo wa Mama Njambi na Macho ya Wapangaji

Jumatatu, 7 Machi 1983

Jogoo wa Mama Njambi, mwenye ploti hii tunayopanga, ameibwa. Bahati iliyoje! Ametangaza kuwa atakayemnasa mwizi atakabidhiwa ufunguo wa mfereji, bomba letu la maji. Hapa Kawangware mwenye ufunguo huo huamkiwa hata na wanaomchukia. Lazima uwe wangu. Nimesoma gazetini: mwongo hawezi kukutazama machoni. Basi kazi imekwisha.

Jumanne, 8 Machi

Nimeanza na Thuo, tunayepakana naye ukuta. Nimemkazia macho. Naye akanikazia, bila kupepesa, mpaka mimi nikatokwa machozi. Akasema, "Ndungu, niangalie vizuri. Mimi na kuku wapi na wapi?" Mtu safi kabisa. Nimemfanya msaidizi wangu.

Jumatano, 9 Machi

Nimewaita wapangaji wote uani. Kulikuwa na mama mgeni, amekuja kumwona Nafuna, mpangaji mwenzetu. Nikampa kigoda kando yangu, kwa heshima. Ikafika zamu ya Sifuna, fundi viatu, mume wa Nafuna. Akageuka! Maswali yangu yote aliujibu ukuta. Jasho tele. Mgeni naye akajifunika leso usoni. Wako pamoja! Nikatangaza kuwa mwizi amepatikana.

Nafuna akaniuliza polepole, "Huyu ni mama yangu mzazi. Ulitaka mume wangu amkodolee macho mama mkwe?"

Ploti nzima ilicheka. Hata kwetu mkwe huheshimiwa, lakini nani aliniambia ni mkwe? Na kwa nini niulize? Mimi nachunguza macho, sio ukoo.

Alhamisi, 10 Machi

Mbinu mpya. Uongo hukausha mate, kila mtu anajua. Kijiko cha unga mkavu kwa kila mpangaji; asiyeweza kumeza ndiye mwizi. Nilitangulia mimi, kuonyesha mfano. Nikapaliwa. Sifuna akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilipopata pumzi, wote walikuwa wananitazama mimi. Thuo alimeza chake akaomba kingine.

Ijumaa, 11 Machi

Fedheha! Mama Njambi hakumtazama mtu yeyote usoni. Alikwenda tu kwa Ndinda, mwenye hoteli pale kona, akauliza ni nani aliyemuuzia jogoo. Ni Thuo, Jumapili jioni, jogoo kafungwa miguu. Basi. Hakuna elimu, hakuna mbinu! Kumwuliza mwenye hoteli hata mjinga angeweza. Thuo amepewa mpaka kesho ahame. Ufunguo Mama Njambi amebaki nao mwenyewe.

Jumamosi, 12 Machi

Thuo amekuja kuniaga. Amesema yote hayo ni fitina ya Ndinda. Kisha akaninong'oneza kuwa Mama Njambi amekwisha amua: ufunguo ni wangu wiki ijayo, ila nisimwulize, ataudhika. Akaniomba nimwazime redio mpaka atakapotulia huko Kabiro. Nilimkazia macho kweli kweli. Hakupepesa hata kidogo.

Nimempa na betri mpya.