Uzinduzi wa Kompaila ya Benki ya Damu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye hayupo ila koti lake liko kitini. Wakuu wa idara, waganga, wauguzi, na nyinyi wagonjwa mlioletwa hapa kujaza viti: hamjambo? (Hatujambo!) Sijawasikia. (Hatujambo!) Haya, mimi Mkurugenzi wenu sijambo zaidi.

Itakumbukwa kwamba kompyuta za benki yetu ya damu zinatumia Linux, ule mfumo unaoendesha mashine, tena toleo la enzi hizo, ambalo hata walioliunda walishalisahau, na kwamba programu mpya ya kulinganisha damu imegoma kabisa kuingia humo, hivyo mama wa maabara anapekua majokofu kwa mkono, mfuko baada ya mfuko, huku mgonjwa akingoja. Kisa ni kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya mafundi yakawa kitu ambacho mashine inakielewa. Yetu ni kuukuu. (Minong'ono.) Msinong'one, hata mimi nimeambiwa juzi tu.

Sasa, kompaila hujengwa kwa kompaila. Fundi wetu wa kompyuta, mtu mwema ila hana maono, alitaka kutumia hii kuukuu kujenga iliyoifuata, na hiyo kujenga nyingine, ngazi kwa ngazi, mpaka aifikie mpya. Ngazi? Katika uongozi wangu? Nikasema tunaruka! Tukamhamishia stoo ya mashuka asije akatuchelewesha. (Kicheko, meza kuu peke yake.)

Badala yake niliunda Kamati Wezeshi ya Mchakato wa Kompaila, ikafanya semina elekezi hotelini, ikaandaa mpango mkakati, ikawajengea wadau uwezo na vitambi, na leo natamka kifua mbele kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa juhudi zangu binafsi. (Makofi ya kulazimishwa.)

(Muuguzi wa wodi ya watoto, mlangoni: "Samahani, mheshimiwa. Mtoto wa kitanda cha dirishani anahitaji damu sasa hivi. Hizo kompyuta zinafanya kazi?")

Swali zuri sana, dada yangu. Mtoto huyo ni mdau muhimu na yumo kwenye awamu ya pili.

("Nimeuliza zinafanya kazi au hazifanyi!")

Jamani, dada, usinitie nuksi kwenye shughuli yangu! Tuendelee. Nikisema ngazi, mseme turuke. Ngazi! (Watu wanageuka kumtazama muuguzi.) Ngazi! (Mtu mmoja: "Turuke," akapigwa kiwiko.)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa dhati mafundi waliotujengea kompaila hii, ambao tutawaajiri mara tu itakapokamilika, kwa sababu programu ya ajira nayo inaisubiri kompaila hiyohiyo. Kwa hiyo mradi utaanzishwa na mradi wenyewe, na haujaanza kwa kuwa bado haupo. (Viti vinasukumwa. Watu wanamfuata muuguzi mbiombio kuelekea kwenye majokofu, wengine na dripu zao mkononi.)

Mnakwenda wapi? Sijakata utepe! Mwenyekiti, na wewe? Ala!

(Sauti ya mama wa maabara kutoka koridoni: "Tumeupata! Mfuko wa mtoto huu hapa! Pisheni njia!" Vigelegele.)

Si mnasikia? Matokeo hayo! Mheshimiwa Koti, asante kwa kubaki. Andika: asilimia mia moja na tano.