Nevena Hapewi Herufi Moja

Jumanne, 8 Aprili

Nimepata mjukuu! Wa kike, mnene, ana sauti ya kuamsha mtaa. Mungu ni mwema, na leo nasema hivyo bila kukumbushwa na mke wangu.

Furaha imedumu mpaka chakula cha mchana. Mwanangu Plamen kapiga simu kwamba mkewe, Desislava, anataka mtoto aitwe Nikol. Nikol! Nikauliza imekuwaje, maana kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na mama wa baba ni Nevena wangu. Plamen akajibu kwamba N ya mama imo. Eti siku hizi ndivyo wazee wanavyoenziwa, herufi ya kwanza inatosha.

Herufi moja! Mwanamke kanivumilia mimi maisha yake yote, anapewa herufi moja!

Nevena hakulalamika. Kasema mtoto mzima, mama mzima, tunataka nini tena. Kisha kaingia jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nimemwona.

Plamen atamwandikisha mtoto Jumatatu. Muda ninao. Akili pia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeanza na hoja. Nyumbani kwao sikanyagi, nina mafua, kwa hiyo nimetumia simu. Nimemweleza mkwe wangu kwa upole, kwa kelele kidogo tu, kwamba jina Nevena limetokana na neven, lile ua la rangi ya chungwa lililojaa bustanini kwetu. Na ua lenyewe Waslavi wa kale waliliita hivyo kwa kuwa halinyauki upesi. Linachanua mpaka baridi inabisha hodi. Nani hataki binti asiyenyauka?

Akasema ni jina zuri, baba, lakini la bibi. Chekechea nzima haina Nevena hata wa dawa. Nikamwambia enzi zetu ukiita Nevena kwenye uwanja wa shule, nusu ya wasichana wanageuka. Akasema ndiyo hivyo, baba, na sasa wote ni mabibi.

Nikaenda kununua mkate ili nitulie. Nani yupo dukani? Gancho, baba yake Desislava, mfuga nyuki, mtu wa maneno. Akaniuliza mbele ya watu kama N yetu imefika salama. Duka zima likacheka. Mkate niliusahau kaunta.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata! Wakati mwingine najiogopa.

Kesho ni Tsvetnitsa, Jumapili ya Matawi, ambayo kwetu pia ni sikukuu ya wote wenye majina ya maua. Siku hiyo mgeni haalikwi, anakuja tu, na mwenye jina hawezi kufunga mlango. Sasa basi: mji mzima ukienda kwa Plamen na keki kumpongeza Nevena mdogo, Jumatatu nani atathubutu kuandika Nikol?

Nilimwambia Penka mwoka mikate kwamba mtoto ni Nevena, nikamsihi iwe siri. Kufikia mchana siri ilikuwa imeshanirudia kupitia kwa kinyozi, imenenepa njiani. Namshukuru Mungu kwa ulimi wa Penka.

Jumapili, 13 Aprili

Aibu! Aibu tupu!

Asubuhi tulitoka kanisani na matawi yetu ya mierebi, maana kwetu mitende haioti. Nevena akaoka samaki, akafunga wali katika majani ya mzabibu, akapanga sahani nje kusubiri wageni wake. Mimi nikajidai nimeishiwa tumbaku, nikakimbia kujibanza kwenye kona ya nyumba ya Plamen nishuhudie ushindi wangu.

Walikuja! Maua, keki, soksi za kufumwa. Wakafika getini, wakasimama. Wote. Penka ndiye aliyepiga yowe kwamba mtoto hajatimiza arobaini, mtu wa nje haruhusiwi kuingia. Arobaini! Nilisahauje? Kuingia hawawezi, na kurudi hawawezi, maana mtu harudi na keki yake siku ya jina. Barabara ikajaa. Gancho akaja kutazama, akacheka mpaka akashika uzio. Akauliza mpango huu wa nani. Mimi nikawa naangalia mawingu.

Halafu nikakumbuka sahani. Leo ni siku ya Nevena wangu pia, na wageni wake wote nimewaleta hapa!

Desislava akafungua dirisha la juu, mkali, akauliza kuna nini. Akajibu bibi Stoyanka, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo husema na mji mzima. Alikuja kwa ajili ya hilo jina, alisema. Yeye Stoyanka alipofiwa na mumewe, Nevena alihamia kwake kipupwe kizima ili mjane asiamke kwenye nyumba tupu. Penka naye akasema asingejua kuoka hata biskuti bila Nevena. Kisha Gancho, kicheko kimemwisha, akamwuliza binti yake kama amesahau nani alikuwa akimsuka kila asubuhi kabla ya shule, mwaka ule mama yake alipolazwa hospitali.

Ukali ukamtoka Desislava. Akasema hajasahau. Nevena alikuwa hamvuti nywele.

Akauliza mama mkwe yuko wapi sasa. Ikabidi niseme mimi: nyumbani, peke yake, na samaki. Akatuuliza tunangoja nini, basi. Nevena mwenye geti wazi yuko kule, twende. Na tumwambie huku yuko mwingine, jina zima.

Tulipofika Nevena alikuwa anarudisha sahani kabatini. Stoyanka akampa habari kwa sauti ya kengele ya kanisa. Mke wangu akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa taulo la jikoni. Mimi nikasema macho yananiwasha kwa kitunguu. Kitunguu hakikuwapo.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameandikishwa! Nevena! Namshukuru Mungu, namshukuru Stoyanka, namshukuru hata Gancho, ambaye kaleta chupa ya asali na hakunitania mpaka alipokuwa mlangoni akiondoka.

Nevena aliniuliza taratibu nani aliyewapeleka wageni wake kule. Nikamwambia. Akanitazama sana. Akasema nisirudie tena. Nimeahidi kwa moyo wote. Sina cha kumlipa mwanamke huyu.

Lakini tuseme ukweli, bila mpango wangu pangekuwa na nini? Nikol.

Nikampigia Desislava kumshukuru, nikagusia kidogo kwamba wa pili atakuwa wa kiume, na kwamba jina langu, Dobri, ni zuri, maana yake mwema, kama mimi mwenyewe. Akacheka. Akasema nisiwe na wasiwasi, baba, D ameshaniwekea.

Herufi moja!

Nimevaa kofia. Mkate umeisha, na nina siri ndogo ya kumwambia Penka.