Kadi ya Masika

Jumatatu, 1 Septemba

Habari mbaya: mke wangu Jalia amerudi kutoka zamu akasema majina ya uhamisho yanaandikwa. Amekaa Kasese miaka mitatu, sasa wanaweza kumtupa mpakani Bwera, au Hamukungu ambako tembo hupita nyuma ya choo. Kibanda hiki cha bati ni cha kambi ya polisi, na kambi inamjua Koplo Jalia, haimjui mumewe. Akiondoka, mimi Musitafa ni mtu wa barabarani na godoro langu. Watoto wetu, Naswiba na wadogo zake, wako Iganga kwa mama yangu. Mama yangu amesema watoto wanakaribishwa.

Habari nzuri: mke wa OC, mkuu wa kituo, amejifungua mtoto wa kike. Sherehe ni Jumamosi.

Wengine watapeleka kuku na sabuni. Mimi nitapeleka kadi ya kutengenezwa kwa mkono, kitu ambacho Kasese haijawahi kukiona. OC mwenyewe, Afande Erisa, ataigeuzageuza, atauliza fundi ni nani, ataambiwa ni mume wa Jalia. Nani atamhamisha mke wa fundi kama huyo? Jalia ameniamuru nikae mbali kabisa na nyumba ya OC. Ametumia sauti ya kazini. Nimeitikia ndiyo afande, kisha nikatoka kutafuta ndala kuukuu.

Jumanne, 2 Septemba

Soli ya ndala ndiyo raba bora ya kuchongea mihuri. Unachora, unachonga kwa wembe, unagundisha kwenye kibao, unagonga kwenye kitambaa chenye wino, kisha kwenye karatasi. Asubuhi nimechonga HONGERA. Nimegonga. Imetoka kinyumenyume, ya kusomwa kwenye kioo! Nimechonga tena kwenye ndala ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa ya Jalia, na bado alikuwa anaivaa.

Mchana nikapata wazo kubwa, nikashindwa kumaliza uji. Wakonzo, wenyeji wa hapa na kabila la OC, hawahangaiki kutafuta majina. Binti wa kwanza ni Masika. Wa pili Biira. Wa tatu Kabugho. Wavulana nao wana yao, kwa mpangilio uleule. Sisi Wasoga tunagombana wiki nzima kuhusu jina la mtoto mmoja. Hapa, mtu mwenye mihuri michache tu anaweza kuandika kadi za milima yote ya Rwenzori kabla watoto hawajazaliwa! Miaka mitatu nimekaa juu ya utajiri huu bila kujua.

Kezironi ataumia. Huyo ni mwenye duka la kuchapa karibu na stendi. Ana kompyuta, printa na kitambi, na kadi zake zote zina picha ya mtoto mmoja wa Kizungu aliyekaa ndani ya kikapu. Huniita Haji, ingawa Makka naijua kwenye kalenda tu.

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimetoa mashine chini ya kitanda. Ni ya mkono. Unaweka karatasi juu ya chuma chenye makali kilichopindwa umbo fulani, unabana yote kati ya vibao viwili vya plastiki, unazungusha mpini, na upande wa pili linatoka ua, au moyo, au kipepeo. Niliipata kwa mtawa mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, nikambadilishia na magunia ya chumvi ya Kabatoro, enzi zile nikiwa mfanyabiashara wa chumvi. Jalia hajasahau ile chumvi. Ilinunuliwa kwa mshahara wake.

Kibao kimoja cha plastiki kimepasuka. Nimetumia ubao wa Jalia wa kukatia mboga. Umeingia vizuri, umelia, umetoka vipande viwili. Nimetumia kifuniko cha ndoo. Karatasi imetoka na umbo la kifuniko cha ndoo.

Jalia amerudi, ametazama ubao, ametazama ndala, akalala bila kula. Uhamisho unamsumbua. Mimi ndiye ninayepigana.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya swala nilikwenda dukani kwa Kezironi. Aibu, lakini karatasi ya manila nene iko kwake peke yake. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni siri ya kazi. Akacheka, akasema kambi nzima inajua natengeneza kadi ya mtoto wa OC. Barbara, jirani yetu wa ukuta wa kushoto, husikia kila kitu kupitia bati.

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimeuliza jina la mtoto nyumbani kwao. Nikamwambia jina halihitaji kuulizwa, linahesabiwa. Akasema ni kweli, ila wenyewe ndio wanaojua kuhesabu, na afadhali nipite kwanza kwa mama mtoto. Nikamtazama sana. Husuda! Anataka nipoteze siku nzima kwa kuuliza, ili yeye awahi na mtoto wake wa kwenye kikapu.

Hata hivyo mimi si mzembe. Jioni nilimuuliza Barbara. Barbara alikuja kutoka Soroti mwaka jana, lakini hakuna chungu cha kambi asichokijua. Akasema hajawahi kuona mtoto nyumbani kwa OC, wala nepi kwenye kamba. Basi. Huyu ni wa kwanza. Masika!

Usiku nimepata kibao kizuri: jalada gumu la faili la Jalia. Viatu viwili vidogo vya mtoto vimekatika safi kabisa kwenye uso wa kadi, unapitisha kidole. Chini, HONGERA. Ndani, KARIBU MASIKA, BINTI WA KWANZA WA NYUMBA HII. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Niliitazama mpaka macho yakaniuma.

Jumamosi, 6 Septemba

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Nilifika mapema kuliko wote, nikampa kadi sajini aliyeshika kipaza sauti, nikamwomba aisome mbele ya watu. Kulikuwa na bundu, ugali wao wa muhogo, na samaki wa Hamukungu wakubwa kama mkono. Bibi wa mtoto alikuwa amempakata, anamwita Biira, Biira. Wazee husahau. Nilimsahihisha kwa upole. Nikamwambia huyu ni Masika, bibi. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikadhani hajui Kiswahili.

Sajini akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti, mpaka neno la mwisho.

Vijiko vikasimama. Afande Erisa alitazama chini, kwenye viatu vyake. Alisi, mama mtoto, aliinuka, akaichukua kadi mkononi mwa sajini, akaingia ndani, akafunga mlango. Bibi akaanza kulia. Si kilio cha sherehe.

Jalia alinishika mkono juu ya kiwiko, jinsi wanavyowashika wezi sokoni, tukaondoka.

Jumapili, 7 Septemba

Jalia amenieleza akiwa amegeukia ukuta. Masika alikuwepo. Alizaliwa, akaishi miezi mitano, homa ikamchukua usiku mmoja, kabla Barbara hajaja kambini. Mtoto akifa jina lake haliendi kwa mwingine. Anabaki wa kwanza. Aliyezaliwa sasa ni wa pili, ni Biira, na Mkonzo yeyote angeniambia hivyo.

Kezironi aliniambia. Hilo sikumwambia Jalia.

Nikamuuliza yeye alijuaje. Akasema alikwenda kuzika. Akasema na mimi niliombwa kwenda, lakini siku hiyo nilikuwa Kabatoro na chumvi yangu.

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nimelia kidogo chooni. Nilimwambia mwanamke mbele ya watu kwamba mtoto wake hakuwahi kuwepo, tena nikachora na viatu.

Adhuhuri nikatulia. Kosa si kadi. Kosa ni jina, na jina ni kipande cha ndala. Nimechonga BIIRA.

Jumatatu, 8 Septemba

Jalia alipokwenda zamu, mimi nilikwenda nyumbani kwa OC na kadi mpya. Nimeondoa viatu, nimeweka kipepeo. Alisi alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani. Nilipiga magoti. Nilisema samahani Mama Biira, mara nyingi. Alipokea kadi, akaiweka kando bila kuifungua.

Nikamwomba anirudishie ile ya kwanza niichome. Niliona iko ndani ya khanga aliyojifunga, ncha inaonekana.

Akasema, "Hiyo sirudishi. Masika alikaa na sisi miezi tano, na hakuna mutu aliandika jina yake mahali. Hata kwa kaburi hatujaandika. Ni wewe uliandika."

Aliitoa akaishika. Kidole chake kilikuwa ndani ya tundu la kiatu kimoja, kinazunguka, kinazunguka.

Sikutegemea! Ameipenda! Nilijua ile manila nene ingeleta tofauti. Nikaona hapa ndipo pa kusema, nikamwuliza kama angeweza kumtajia Afande Erisa suala la Jalia, kwamba asihamishwe, ukizingatia kazi ilivyompendeza. Akairudisha kadi ndani ya khanga. Kisha akasema niende nyumbani.

Nimerudi nikipiga mluzi. Mtu akibaki na kadi yako, amekusamehe.

Jumatano, 10 Septemba

Majina yametoka. Jalia anakwenda Bwera. Kesho kutwa.

Nilipandisha hasira. Nikasema nakwenda kwa OC sasa hivi, kwamba huu ni uonevu, kwamba mkewe mwenyewe ameweka kadi yangu kifuani. Jalia alikuwa anakunja sare. Hakupandisha sauti.

"Hawakunihamisha, Baba Naswiba. Jina yangu haikuwa ndani. Ni mimi nilienda kuomba. Siwezi kuangalia ule mama usoni kila siku."

Nikamwuliza tutapanga chumba upande gani wa Bwera. Akasema yeye atakaa kwenye nyumba ya askari wa kike, na mimi nitafute pangu. Akasema ananipenda, lakini amechoka. Alisema yote mawili kwa pumzi moja.

Mbona watu hawatazami nia?

Ijumaa, 12 Septemba

Ameondoka. Alichukua sufuria na Kurani. Ubao uliopasuka aliuacha, na mashine. Mchana mwenye funguo za kambi akaja, akanipa muda wa kufunga godoro. Barbara alinisaidia kulibeba hadi getini, akiniuliza maswali njia nzima.

Nimelala kwa Kezironi. Chumba cha nyuma ya duka, kati ya makasha ya karatasi. Hakunicheka. Aliniletea chai na mkate, akasema, "Haji, achana na hizo kadi kwanza." Ningefurahi zaidi kama angecheka. Kitanda kina upana wa kutosha wawili, na nimelala ukingoni kama kawaida.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda Bwera. Jalia alikuja kunikuta kwenye kibanda cha chai, mbele ya geti, na sare yake. Amekonda, au sare imekua. Aliniagizia chapati. Hakunikaribisha ndani. Nikamwuliza kama nije wiki ijayo, akasema mwisho wa mwezi, halafu akasema tutaona.

Kibandani kulikuwa na Mkongomani mmoja anauza vitenge. Alituangalia, akaniambia, "Papa, bibi yako iko na huzuni." Nikamwambia ni jua.

Jalia hakukaa sana. Alieleza kwamba ruhusa ni ngumu siku hizi, kwa sababu OC wake mpya wa hapo Bwera hayupo sawa. Mama yake mzazi anaumwa sana huko Karambi. Madaktari wamemrudisha nyumbani na ndugu wanakesha. Akasema ni mtu mwema sana, anampenda mama yake kupita kiasi. Alisema hayo akiwa na machozi kidogo. Nilimpungia mkono hadi alipoingia getini. Hakugeuka, lakini huenda sheria za getini haziruhusu.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikulala. Nimefikiri mpaka alfajiri, na nimeelewa nilikosea wapi. Nilikosea mambo mawili tu. Kwanza, jina sikulihakikisha. Pili, nilisubiri mpaka siku ya shughuli, nikawa mmoja kati ya wengi.

Sirudii. Asubuhi nimempigia simu Muhamood, dereva wa teksi wa njia ya Bwera, akaniulizia watu wa Karambi. Mama wa OC anaitwa Phionah. Nikampigia tena, nikamfanya aniandikie herufi moja moja. Hakuna atakayesema safari hii sikuuliza.

Kezironi alikuwa ametoka, nikachukua manila yake nyeusi. Mashine imekata msalaba mmoja safi, bila kukwaruza. Nimechonga POLE SANA, nikaigonga kwa wino mweupe, imetoka vizuri mara ya kwanza kabisa. Ndani nimeweka MAMA PHIONAH ALALE PEMA. Wengine watakimbizana na kadi zao baada ya mazishi, wakati OC hana hata nguvu ya kusoma. Mtu anayewahi ndiye anayekumbukwa. Akiona moyo huu, hawezi kukosa kumpa Jalia nyumba ya familia, na mimi nitalala kwangu.

Kwa hiyo nimesaini kwa jina la Jalia, ili shukrani zimwendee yeye moja kwa moja. Muhamood ameondoka nayo na gari la saa nne, atamkabidhi OC mwenyewe mkononi. Tarehe ya kifo nimeiacha wazi, ataijaza mwenyewe.