Milio Mitatu Nyumbani kwa Mama Mwende

Leo nimejiaibisha mbele ya kamati ya mazishi. Kamati nzima, watu kumi na mmoja. Naandika haya mapema kabla mmoja wao hajaandika.

Wengi wenu mnajua natengeneza kompyuta pale Ngara. Sikusomea chuoni. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu za kwangu. Kwa hivyo naishi na hofu kwamba siku moja nitagunduliwa, na ndiyo maana kila hatua ninayochukua naiandika kwenye daftari. (Nina daftari la pili la kusahihisha la kwanza.)

Saa nne asubuhi akanipigia Mama Mwende, anayekaa fleti karibu na Kenyatta Market. Babake anazikwa Jumamosi, Machakos. Alikuwa ameandika wasifu wa marehemu wiki nzima kwenye kompyuta yake ya mezani, na nakala nyingine hana. Leo kompyuta imekataa. Taa inawaka, skrini nyeusi. Na mwenye duka la kuchapisha programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba, amesema akikosa wasifu kufikia saa nane mchana, hachapishi.

"Fundi, nakuomba," akasema. "Hiyo kitu ndiyo iko na maisha yote ya baba."

Nilipofika, sebule ilikuwa imejaa. Redio inaimba injili, watu wanabishana kuhusu basi la waombolezaji, na jikoni Auntie Ndunge, dadake marehemu, anapika chapati. Kompyuta ilikuwa kwenye kona, kando ya pazia. Ni ya zamani kweli. Mama Mwende aliniambia mlangoni kwamba skrini yake huchukua dakika mbili nzima kuamka. Niliitikia kwa kichwa. (Sikusikia. Nilikuwa nafikiria viatu vyangu kwenye zulia lake.)

Sasa, kompyuta za zamani zikiugua hulia. Unahesabu milio, idadi inakutajia ugonjwa. Lakini lazima usikie vizuri.

"Naomba kimya," nikasema.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kioko, akazima redio. Auntie Ndunge akatoa kikaango motoni. Nikawasha.

Tii. Tii. Tii.

Mitatu! Milio mitatu ni RAM, ile kadi ya kumbukumbu. Nilifurahi kama mtu aliyeona kwenye mtihani swali alilosoma. Nikazima papo hapo, kwa sababu fundi makini haachi mashine iteseke. Redio ikarudi, chapati zikarudi. Nikachomoa kadi, nikaisugua meno kwa raba ya shule, nikairudisha.

"Naomba kimya."

Tii. Tii. Tii. Nikazima.

Nikaihamishia kadi tundu la pili. Kimya tena. Tii mara tatu. Nikaweka kadi nyingine niliyokuja nayo. Kimya. Tii mara tatu.

"Fundi," Auntie Ndunge akasema kutoka mlango wa jikoni, "hiyo sauti..."

"Auntie, samahani. Nahesabu."

Nilirudia mara saba. Yote yako kwenye daftari, na saa zake. Mara ya tano Auntie alifungua mdomo tena, nami nikamwinulia kidole. (Mama wa miaka sabini. Kidole!) Mwishowe nikachomoa nyaya zote, nikalaza kompyuta juu ya gazeti ikiwa wazi tumbo, nikasimama katikati ya sebule.

"Mama Mwende," nikasema kwa sauti ya daktari, "tumejaribu kila kitu. Madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa."

"Na maneno ya baba?"

"Siwezi kuahidi."

Akakaa kwenye mkono wa sofa. Hakulia. "Yale ya utotoni alinisimulia mwenyewe akiwa kitandani," akasema. "Sasa nitamuuliza nani?"

Hapo nilitamani nife mimi badala ya madabodi. Mzee Kioko alisimama, akavua kofia. "Tuinamishe vichwa." Watu wote wakasimama. Redio ikazimwa, jiko likazimwa. Akaombea familia, akaombea safari, kisha akasema, "Na hii kompyuta, Bwana, uliyotupa na sasa umeitwaa..."

Tii. Tii. Tii.

Mzee Kioko akafumbua jicho moja. Kompyuta ilikuwa kwenye gazeti, haina waya hata mmoja. Kadi ya RAM ilikuwa mkononi mwangu. Mtu nyuma akanong'ona, "Yesu! Iko na roho!"

Nami, mbele ya kila mtu, kabla akili haijafika, nikasema kwa sauti: "Mitatu." Nikaandika kwenye daftari.

Auntie Ndunge akapita katikati ya maombi, akavuta pazia. Ukutani kulikuwa na kile kifaa cha kuingizia tokeni za stima, umeme wa kulipia kabla. Taa nyekundu inapepesa.

"Hii ndiyo inalia tangu asubuhi," akasema. "Stima inataka kuisha. Nimekuambia mara mbili, ukaninyamazisha kama mtoto wa Sunday school."

Friji ikanyamaza. Stima imeisha.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniumiza. Mzee Kioko alisema amina, akanunua tokeni kwa simu. Mimi nikaunganisha kompyuta. Saa saba na nusu nikawasha. Safari hii sikugusa kitu. Dakika moja. Dakika mbili. Skrini ikafunguka taratibu, na wasifu ulikuwepo, kurasa nne, hakuna herufi iliyopotea.

Auntie Ndunge alifikiri kidogo. "Kwa hivyo kompyuta ilipona zamani?"

"Tangu raba ya kwanza, auntie."

"Na ilikuwa inataka kuamka, wewe unaizima."

"Mara saba, auntie."

Akanipa chapati mbili na akasema nile nikiwa nimekaa chini, mbali na ukuta.

Wasifu ulifika dukani saa nane kasoro dakika tano. Mama Mwende amenikumbatia na kunialika mazishini, ila Mzee Kioko ameniomba nisikaribie vipaza sauti. Nitaenda. Kwa hivyo wenye kutaka kunicheka, nawasihi, tuzike kwanza.