Maabara ya Pamoja ya Dokta

Dokta hakuwa daktari wa watu, wala wa mifugo, wala wa chochote kinachopumua. Jina alilipata siku aliponunua koti jeupe la mtumba akagundua kwamba akilivaa, watu wanamwachia kiti. Koti la namna hiyo nani angelivua?

Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la kuchapishia, akipiga domo na mwenye duka ili akae karibu na feni, wateja watatu wakaingia mmoja baada ya mwingine kuchukua kadi zao. Wa kwanza mama mwenye sauti nzito, mtaalamu wa udongo. Kadi yake ilisema Mkurugenzi Mkuu. Wa pili mzee wa miwani aliyepima maji ya visima, naye Mkurugenzi Mkuu. Wa tatu kijana wa ndevu chache, mshauri wa wadudu waharibifu. Haya, Mkurugenzi Mkuu! Kampuni tatu zenye mtu mmoja mmoja, na kila mkurugenzi amejibebea begi lake mwenyewe. Hawakusalimiana. Ila kila mmoja alitupia jicho begi la mwenzake, lile lenye kifaa cha kazi.

Dokta alilijua jicho hilo. Ni la tamaa, na ndilo lililokuwa likimlisha miaka yote.

"Wanateseka hawa," akamwambia mwenye duka. "Wanahitaji umoja."

"Na wewe unahitaji nini?"

"Mimi ni mtumishi tu, ndugu yangu."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mtandao wa Washauri Huru wa Sayansi, Katibu Mkuu akiwa Dokta mwenyewe, ambaye shule aliiacha alipoona haina jipya. Akamfuata kila mtaalamu kivyake, koti limepigwa pasi, akaanza na yule mama, ambaye mjini wote walimwita Mama Udongo.

"Mama, wewe mizani unayo. Hadubini je?"

"Sina."

"Kazi ya hadubini ikija?"

"Inanipita hivihivi. Naumia, Dokta, usinikumbushe."

"Basi sikia. Kila mwanachama analeta kifaa kimoja, tunaviweka kwenye maabara ya pamoja. Unaleta kimoja, unatumia vyote."

"Na wenzangu watatumia changu?"

"Si ndiyo umoja wenyewe, mama?"

"Nitaleta," akasema, upesi kuliko kawaida yake.

Mtu makini angejiuliza upesi huo umetoka wapi. Dokta hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Mzee wa Maji naye alikubali kabla chai haijapoa, na kijana wa wadudu akauliza tu kama ataruhusiwa kuazima vitu kwa siku nyingi. Dokta alikwisha kuzungumza na muuza vifaa vya shule, mtu wa kulipa taslimu asiyependa maswali. Mpango ulikuwa mwepesi: leo uzinduzi, kesho mkokoteni, kesho kutwa Katibu Mkuu hayupo mjini.

Kikwazo kilikuwa ukumbi. Mwenye ukumbi alikuwa bwana mfupi asiyecheka, aliyekwisha kuingizwa mjini na vyama vingi.

"Hela baada ya uzinduzi? Sawa. Weka dhamana."

Dokta hakuwa na kitu. Aliishi chumba cha nyuma kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Cherehani ile ndiyo iliyomnunulia viatu, daftari na dawa za pumu. Ndiyo hiyo aliyoibeba begani hadi kwa mwenye ukumbi siku dada alipokwenda sokoni kununua vitambaa.

"Nimeipeleka itiwe mafuta, dada. Ilikuwa inalia."

"Nani kakutuma? Nina sare za shule nzima za kushona!"

"Siku mbili tu. Nataka kukusaidia, basi, kuna ubaya?"

Dada akachukua sindano ya mkono, akaendelea kushona sare. Akamshonea na utepe wa uzinduzi, maana aliombwa. Hapo Dokta aliona haya, kusema kweli. Ilimwisha alipofika barabarani.

Uzinduzi ulifana. Wataalamu walikuja na suti zao, dada akakaa kiti cha nyuma. Vifaa vilipangwa mezani, vimefutwa vumbi, vinang'aa. Dokta alikuwa amepanga kupokea kimyakimya, lakini mbele ya watu na kipaza sauti alishindwa kujizuia. Akainua kifaa kimoja kimoja, akakizungusha, akakitazama kwa jicho moja.

"Hadubini! Nimeikagua mwenyewe. Nzima kabisa!"

Makofi.

"Mizani ya Mama Udongo! Nzima, inapima hadi punje ya mchanga!"

Makofi, na simu juu zikirekodi. Mama Udongo alipiga makofi kuliko wote. Katikati ya shangwe dada aliinuka kutafuta maji ya kunywa, akapita mbele ya ofisi ya mwenye ukumbi, na mlango ulikuwa wazi. Aliporudi hakupiga makofi tena, mkoba kaukumbatia kifuani. Dokta akadhani amechoka.

Kesho yake mkokoteni ukasimama kwa muuza vifaa. Mtu yule asiyependa maswali aliwasha mizani. Ikaonyesha uzito bila kuwekewa kitu. Akachungulia hadubini, akaona ukungu. Kipimo cha maji kilisoma namba ileile kwenye chai, kwenye soda na kwenye hewa.

"Dokta," akasema, "umeniletea maiti."

"Haiwezekani! Ni vifaa vya wataalamu!"

"Ndiyo maana. Vizima wamebaki navyo nyumbani."

Kumbe kila mkurugenzi alileta kibovu chake, akiamini kwa moyo wote kwamba vya wenzake ni vizima. Watu wanaopima udongo, maji na mabawa ya mende, hakuna hata mmoja aliyewaza kumpima jirani yake! Akampigia simu Mama Udongo, sauti imepanda.

"Mama, umenipa mizani mbovu!"

"Mbovu? Ulisema mwenyewe mbele ya watu ni nzima. Video ninayo, na wenzangu wanazo." Kisha sauti ikawa tamu. "Ulikuwa unaipimia nini leo, Dokta? Na iko wapi?"

Akakata simu. Hakujali tena mtandao. Alichokiona mbele yake ni dada ameinamia sare na sindano ya mkono. Akausukuma mkokoteni mwenyewe hadi ukumbini, akaingia ofisini akihema.

"Mzee wangu, nionee huruma. Nipe cherehani, hela nitaleta."

"Cherehani ipi? Dada yako kaichukua tangu jana."

"Kaichukua? Ulimwachiaje?"

"Kanionyesha kwamba ni mbovu. Nimeizungusha mwenyewe, inapiga kelele tu, haishoni. Wewe ungeniwekea dhamana kitu kibovu, kijana?"

Dokta akaukumbuka mkoba ule wa dada kifuani. Cherehani ukiichomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, haishoni, na bobini ni kitu cha kuenea kiganjani, sembuse mkobani.

"Mama muungwana," mwenye ukumbi akaendelea. "Hakutaka nipate hasara. Kaniachia dhamana nyingine."

"Dhamana gani?"

"Wewe." Akamkabidhi ufagio. "Kasema una afya, huna kazi, na hutakimbia kwa sababu huna pengine pa kulala. Hadi deni liishe."

Mtandao haukufa. Wataalamu waliupenda mno, maana kila mmoja bado alikuwa na kifaa kizima nyumbani na matumaini ya kutumia cha mwenzake. Wakakodi ukumbi kila Jumamosi, wakachaguana makatibu, wakamtwika Dokta ulinzi wa ile maabara ya vibovu. Jumamosi ya kwanza aliingia bibi mgeni, mtaalamu wa miamba, akikumbatia kifaa kinachong'aa.

"Kizima?" Dokta alimnong'oneza.

"Wewe mfagiaji yanakuhusu nini?" Akaenda zake mbele, akapigiwa makofi.

Dokta akainamia ufagio. Mlangoni alisimama dada, sare za shule nzima begani, zimeshonwa na kupigwa pasi, anazipeleka. Alimtazama mdogo wake kutoka koti hadi ndala, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe.

"Chakula nitakufunikia," akasema. "Na chini ya viti, Dokta. Fagia na chini ya viti."